Ng'ombe wa Kupiga Pembe na Gari Lenye Ugonjwa Unaojulikana

Neno letu leo ni Kutoka 21, mstari wa 28 mpaka 36.

Pale torati inaeleza habari ya ng'ombe. Akimpiga mtu kwa pembe akafa, ng'ombe anauawa, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga, na mwenyewe alionywa asimfunge, mwenyewe naye anahukumiwa. Ng'ombe ni yule yule, pembe ni zile zile. Tofauti ni kwamba mtu alijua.

Wengi wetu hatuna ng'ombe, tunatafuta gari. Kakao ikilipa vizuri, familia inakusanya dola zake, inakwenda kuangalia gari la okazioni, lile lenye usukani kuume lililotoka Japani, likapita Mombasa na Kampala mpaka kuingia Kasindi. Tuchukue mfano mmoja ambao fundi yeyote anaujua: Toyota Hilux Surf au Prado za miaka ya 1990, zenye injini ya dizeli 1KZ-TE. Ni injini ya nguvu. Lakini chini ni chuma, na juu, ile sehemu mafundi wanaita kulasi, ni aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto inapanuka kuliko chuma. Maji yakipungua, gari likalazimishwa kupanda mlima, kulasi inapasuka. Na sisi tunakaa chini ya Ruwenzori! Hapa kupanda ni kazi ya kila siku.

Muuzaji anajua. Kwa hiyo anabadilisha maji ya radiateri ili rangi ya kutu isionekane, anakuzungusha karibu na soko dakika tano, njia tambarare, huku akikuhubiria juu ya viti na muziki. Hakusema uongo hata neno moja. Alinyamaza tu. Lakini ng'ombe wake anapiga, naye amemkabidhi mwenzake kamba bila kumwambia.

Tusimwangalie muuzaji peke yake. Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayelaumu kitu ili bei ishuke, kisha anakwenda zake akijisifu. Kuna ndugu anayejua kabisa kulasi ina kasoro, anaitumia kupunguza bei, anafurahi. Sawa, hajamwibia mtu. Lakini tangu saa ile ni yeye aliyeonywa. Akipakia mama wenye watoto kwenda Beni bila kutengeneza, amemfungulia ng'ombe mlango. Hatuhitaji kuwaeleza maana ya gari kuzimika jioni katikati ya pori katika njia zetu. Mnajua ni nani tumezika.

Na kuna jaribu la tatu, ambalo tunalisikia sana: tumedanganywa, basi tukaliuze Butembo, kule hawatujui. Mungu wa Butembo ni nani?

Tunaweka mikono juu ya magari na kuyaombea, na tutaendelea. Ila wengine wanaleta mafuta ya upako kwa boneti, na mafuta ya injini hawajayaangalia tangu Pasaka.

Mtu mwenye gari la namna hii anaweza kuliuza kwa dhamiri safi. Aseme: kulasi ilipasuka, ikabadilishwa, faktura ya fundi ni hii. Au: haijatengenezwa, ndiyo maana bei iko chini. Atapoteza dola mia kadhaa. Dola hizo hazikuwa zake. Zilikuwa za yule atakayelipa fundi.

Wewe unayekwenda kuangalia gari juma hili, fika asubuhi kabla halijawashwa. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha radiateri, kamwe usifungue ikiwa moto. Tazama maji: yana mafuta juu yake? Toa kijiti cha mafuta ya injini: yamekuwa kama maziwa ya chai? Waambie wawashe, uangalie kama mapovu yanapanda bila kukoma. Kisha omba kupanda nalo mlima nusu saa, fundi wako akiwa ndani, macho kwenye mshale wa joto. Muuzaji akikataa mlima, mshukuru kwa heshima, urudi nyumbani na pesa zako.

Tuombe.