Spika Msituni: Sauti za Kurekodiwa katika Safari za Kutazama Ndege Kilimanjaro

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya waongoza watalii, Soweto, Moshi



Kamati ya semina imenipa kichwa kipana, "Utalii wa Ndege: Fursa na Changamoto". Fursa nitazipitia haraka, maana hakuna aliyemo ukumbini asiyezijua. Utalii wa ndege ni safari anayofanya mgeni kwa lengo la kuwaona na kuwasikia ndege mahali wanapoishi, akiongozwa na mtu anayewafahamu. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na sisi wa Moshi tumekaa katikati ya utajiri huo. Mgeni anaweza kuanza na Msitu wa Rau, pembeni kabisa mwa mji, chini ya mivule. Akipanda njia ya Marangu kuelekea Mandara atawakuta hondohondo na shorobo wa Hartlaub. Juu zaidi, penye lobelia, yuko chozi aliyepewa jina la Harry Johnston, aliyefika mlimani mwaka 1884. Kule Same, kwenye msitu wa Chome, yuko kinengenenge wa Pare Kusini. Na katika nyika kavu iliyo kati ya Kilimanjaro na Meru anaishi kipozamataza wa Beesley, ambaye wataalamu wengi wanamhesabu kuwa spishi kamili. Huyo hana makazi mengine duniani.

Changamoto za barabara, leseni na kodi zitasemwa na wengine leo. Muda wangu uliobaki nautumia kwa jambo moja ambalo nimelisemea miaka mingi, vikaoni na njiani: kupiga sauti za ndege zilizorekodiwa ili ndege ajitokeze mgeni amwone. Ninayoyasema ni maoni ya kitaaluma, si tamko la taasisi yoyote.

Wote tunajua inavyofanyika. Zamani ilihitaji redio ya kaseti na mkanda. Siku hizi simu inabeba maktaba nzima ya sauti, na spika ndogo isiyo na waya inaning'inia kwenye begi. Kuna matumizi mawili hapa na tusiyachanganye. Mwongoza watalii anayesikiliza rekodi kwa spika za masikioni ili ahakikishe alichokisikia hamsumbui ndege yeyote. Hilo silipingi, nalihimiza. Ninalolipinga ni kuipiga kwa sauti kubwa msituni, tena na tena, mpaka ndege atoke.

Tumwangalie ndege mmoja kwa karibu. Wataalamu wanamwita Pogonocichla stellata. Ni mdogo, kichwa chake cha kijivu kilichokoza, kifua cha njano, na mbele ya kila jicho ana kidoa cheupe. Ni mkazi wa kivulini, karibu na sakafu ya msitu, na dume ana eneo lake analolilinda. Spika ikilia, anachosikia yeye ni dume mgeni aliyeingia nyumbani kwake. Anaacha kutafuta wadudu. Anatoka kichakani na kurukaruka kwenye tawi lililo wazi, mkia ukifunguka na kujifunga, akimtafuta adui ambaye hayupo. Wageni wanapiga picha na kufurahi. Kwa muda huo wote yuko peupe, kipanga anaweza kumwona, na kama ana makinda, hakuna chakula anachowapelekea. Kundi likiondoka, jingine linafika, kwa sababu sisi wenyewe tumeambiana kona yake ni ipi. Ndege yuleyule anapigiwa sauti ileile mchana kutwa.

Kuna wanaosema ndege huzoea. Ni kweli, wengine huzoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika Ecuador kwa kuigiza wanavyofanya watazamaji wa ndege, ulionyesha kwamba mwanzoni ndege waliitikia kwa nguvu sana, na aina mojawapo ikapunguza kuitikia baada ya siku kadhaa za kupigiwa. Lakini mwenye hoja hiyo afikirie maana yake. Dume aliyezoea kupuuza sauti ya mwenzake huenda akampuuza na mpinzani wa kweli. Nasi tutakuwa tumeimaliza hata hiyo njia ya mkato tunayoitetea.

Majira nayo yanatuumbua. Wapenzi wa ndege wengi wanakuja kati ya Novemba na Februari, wakati ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia wako kwetu. Huo ndio msimu ambao ndege wengi wa misitu yetu ya milimani wanataga na kulea, kuanzia mvua za vuli. Kwa hiyo spika zinalia zaidi pale hasa zinapoumiza zaidi.

Sasa niseme lililo gumu kidogo, na nawaomba radhi wenye kampuni za utalii. Mwongoza watalii hapigi spika kwa ukatili. Anapiga kwa sababu ratiba imempa asubuhi moja. Mgeni ametua KIA jana usiku, kesho anaelekea Serengeti, na mkononi ana orodha ya ndege aliyoahidiwa kwa maandishi. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa siku, hivyo siku ya pili msituni ndiyo ya kwanza kukatwa bei ikibanwa. Mshahara wa mwongoza watalii ni mdogo, anategemea tipu, na tipu inafuata orodha. Mtu huyo ukimpa maneno ya maadili bila kugusa ratiba, umempotezea muda. Niliwahi kuiambia kampuni moja hivyo nikajibiwa kwamba soko ndilo linaloamua. Soko halikuandika ile ratiba. Iliandikwa na mtu mezani, na mtu mezani anaweza kuiandika upya.

Kwa msingi huo napendekeza yafuatayo.

Kwanza kabisa ratiba. Safari yoyote inayouzwa kama ya ndege iwe na angalau asubuhi mbili katika msitu mmoja. Atakayekaa kimya chini ya mti wenye matunda yaliyoiva atawaona shorobo bila spika. Kampuni ziache pia kuahidi ndege kwa majina. Ziahidi mahali, muda na mtu anayejua.

Spika zisitumike kabisa kwenye njia za msituni kuanzia vuli mpaka mwisho wa Februari. Kwa kipozamataza wa Beesley zisitumike mwezi wowote: anaishi kwenye eneo dogo mno, na nyika ni wazi, anaonekana kwa kutembea taratibu na kijana wa Kimaasai anayeijua ardhi ya kijiji chake. Magari nayo yabaki kwenye njia zilizopo, yasikate nyikani kumfuata. Kijana huyo alipwe ada yake ndege aonekane asionekane.

Nje ya msimu wa kuzaliana, panaporuhusiwa, sauti ipigwe mara moja, kwa ufupi na chini, na izimwe ndege akishaitikia. Karibu na kiota, hapana. Mageti ya hifadhi na ofisi za misitu ziandike masharti haya kwa Kiswahili na Kiingereza mahali mgeni anaposaini kitabu, ili mwongoza watalii anayekataa kupiga spika awe na maandishi ya kuegemea. Ni vigumu kumkatalia mteja kwa mdomo mtupu.

Chuo cha Mweka, kinachofundisha wahifadhi tangu 1963, na vyuo vya waongoza watalii viongeze saa za kusikiliza ndege msituni alfajiri, na mtihani wake ufanyike msituni pia. Anayejua sauti kwa masikio hana haja kubwa ya spika.

Masharti ya spika yaingie kwenye mkataba kati ya kampuni na mwongoza watalii, pamoja na kipengele kwamba hatapunguziwa malipo kwa ndege ambaye hakuonekana. Wenye kampuni wawaeleze wageni jambo hili kabla hawajapanda ndege kuja kwetu. Wengi wao ni wanachama wa vyama vya ndege ambavyo kanuni zake tayari zinahimiza kutumia sauti kwa kiasi, na watatuelewa haraka kuliko tunavyodhani.

Narudia suala la ratiba, kwa sababu naona ndilo litakaloachwa tukifika kwenye maazimio. Asubuhi mbili. Mengine yote niliyoyataja hayatashika bila hilo. Nimeandika rasimu ya kipengele hicho na nimeikabidhi sekretarieti. Naomba isomwe na kupigiwa kura leo, wenye kampuni wakiwa bado ukumbini.