Pamba ya Bariadi na Nguo ya Unguja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo nataka tuzungumze juu ya pamba. Huenda mkastaajabu, kwani zao letu ni karafuu. Lakini mkulima wa Bariadi nasi tumo katika chombo kimoja.

Bariadi ni makao makuu ya Simiyu, mkoa uliotengwa na Shinyanga mwaka 2012, nao ni katika mikoa iliyo mbele kwa pamba. Pamba huvunwa, hutolewa mbegu, kisha sehemu kubwa hupelekwa ng'ambo kabla ya kusokotwa uzi. Nasi huku twanunua kanga za India na mitumba ya Ulaya na Marekani.

Mwezi wa Machi 2016, wakuu wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki walipatana mjini Arusha kwamba mitumba ipunguzwe hata itoweke, ili viwanda vyetu vipate pumzi. Marekani ikatishia kuwaondolea msamaha wa ushuru. Kenya ilikuwa ya mwanzo kurudi nyuma. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda pekee ilisimama, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha ule.

Funzo ni dhahiri. Nchi ndogo zikiahidi pamoja, kisha kila moja ikajibu peke yake, hapo hapana umoja. Pana saini tu.

Tena, Jumuiya ya kwanza ilianza mwaka 1967 ikavunjika 1977. Mkataba wa 1999 wenyewe unakiri kuwa miongoni mwa sababu ni faida kutogawanywa kwa usawa. Basi kudai mgao wa haki si fitina ya wapinzani.

Na sisi je? Zanzibar haina kiti chake katika Jumuiya. Husemewa na Jamhuri ya Muungano. Hatuupingi ujirani mwema, wala hatutaki kujifungia visiwani. Twataka jambo moja: kabla ya ushuru kuamuliwa Arusha, habari zake zijadiliwe wazi katika Baraza letu la Wawakilishi, na mkulima wa Bariadi naye aulizwe kwake. Aliyeshauriwa mapema hasaliti ahadi siku ya dhiki, kwani ahadi ile ni yake.

Nendeni mkayaeleze haya matawini.