Kumtunza Mama na Kodi ya Hapa Marekani



Miaka kumi hii mfuko wetu umetukopesha mara nyingi pesa za kuwauguza wazazi. Lakini Aprili ikifika, tunajaza fomu za kodi kwa kubahatisha. Leo tuambizane wazi.

Pesa tunazomtumia mama kule nyumbani, hata zikiwa za hospitali, hazipunguzi kodi ya huku. Kama si raia wa Marekani, sheria inataka awe mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Inauma, maana wengi wetu mama zetu wako huko huko.

Na aliye huku je? Ukibeba zaidi ya nusu ya matunzo yake, gharama za matibabu unazomlipia zaweza kuingia. Hata za mtu wa kumwogesha na kumvisha, mradi daktari au muuguzi mwenye leseni athibitishe kwa maandishi kwamba hajiwezi, na aagize huduma hiyo. Ila ukimlipa dada yako asiye na leseni ya kazi hiyo, haihesabiwi! Hapo wengi tuliguna.

Tena huhesabiwa kile tu kinachozidi asilimia 7.5 ya pato lako. Mwenye pato la dola 40,000 aliyelipa 9,000, huondoa kwanza 3,000, zinabaki 6,000. Nazo zitamfaa tu iwapo makato yake yote yanapita kile kiwango cha kawaida kisichodai risiti. Wengi wetu hatukifikii, tusidanganyane.

Hata hivyo risiti msitupe. Mkutano ujao njooni nazo, tukae tuzipige hesabu pamoja.