Matangi ya Hombolo na Machungwa ya Ukerewe

Abiria wengi watokao Mwanza hufika Dodoma bila kujua kwamba nje kidogo ya mji, Hombolo na Makutupora, yako mashamba ya zabibu, na mvinyo hutengenezwa huko huko. Wapo waendao kuonja, wala si kosa. Mkulima wa machungwa wa Ukerewe, hata asiyekunywa pombe, ana sababu kubwa zaidi ya kuzuru.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zikiiva hazingoji: mkulima akikosa mnunuzi kwa siku chache, jasho lake huoza shambani. Ndiyo maana baadhi ya wakulima huzikamua na kuuza mchuzi wa zabibu, ambao hukaa kwenye matangi hadi kiwanda kiuhitaji. Chungwa nalo huvuka ziwa likiwa bichi, na likichelewa gatini, bei huamuliwa na mchuuzi. Maji ya machungwa hayatunziki kwa urahisi huo, hilo lieleweke mapema.

Basi atakayezuru asiishie kwenye glasi. Aulize tangi ni la nani, bei ya lita hupangwa na nani, na mkulima hulipwa baada ya siku ngapi.