Yaliyoanguka Chini ya Mchungwa



Jirani yangu hapa Chake Chake, bibi mtu mzima, hufagia uwanja wake kila alfajiri kwa ufagio wa chelewa. Siku hizi takataka zake ni za aina moja. Mchungwa wake, ule uliochanua na mvua za vuli ukanukia mpaka njiani, sasa unamwaga vichungwa vya kijani, vidogo kama gololi. Mapooza matupu. Juzi alinisimamisha: "Mwanangu, mti wangu umetiwa jicho." Akanionesha kwa kidevu nyumba anayoishuku. Mimi sikutazama upande ule. Niliinama nikaokota moja.

Kikonyo chake kilikuwa safi. Hakikuchanika, hakina tundu wala kidonda, kama mtu aliyefungua kifungo. Tunda la namna hiyo halikutupwa na mtu, wala na upepo. Limeachiwa na mti wenyewe.

Mchungwa mkubwa ukichanua vizuri huweza kutoa maua hata laki moja. Katika kila maua mia, yanayofika kuwa machungwa ya kuchumwa ni moja au mawili. Mti hualika harusi nzima na mchele wake ni pishi moja. Kwa hiyo hupunguza wageni, tena mara mbili. Kwanza hupukutika maua na vile vitoto vinavyofungika baada yake. Halafu, wiki kadhaa mbele, vichungwa vilivyofikia ukubwa wa gololi huanza kugombania chakula kinachopikwa na majani, na vilivyochelewa au vilivyokaa pabaya hukatiwa. Huko hakuna hasidi. Mti uliobakiwa na machungwa elfu moja umezaa kweli kweli, hata kama ardhi chini yake imejaa mapooza.

Ila upunguzaji huo wa pili kwetu huangukia kaskazi, Januari na Februari, jua likiwa kali na mvua haba. Hapo mti huzidisha. Majani yakiwa na kiu huyavuta maji hata yaliyomo ndani ya matunda. Kichungwa hunywea mchana, kikajazwa tena usiku iwapo udongo una unyevu. Usipokuwa nao, mti humwaga na vile uliokusudia kuvilea. Bibi huyu, kwa mapenzi yake ya usafi, hufagia mpaka shinani, na udongo umebaki mtupu, mgumu kama sakafu. Nilimwambia majani makavu na makumbi ayarudishe chini ya mti, mbali kidogo na shina lisije likaoza, na ndoo mbili tatu za maji ya jioni zisikosekane. Mti uliokaushwa kwa muda mrefu kisha ukashukiwa na mvua kubwa hupasua matunda yake, maana nyama hujaa upesi kuliko ganda.

Msinielewe vibaya, kiu nayo ina kazi yake. Nchi za baridi mchungwa huamshwa na baridi. Wetu huamshwa na ukavu. Mwisho wa kusi mti hukaa kimya, vuli ikipiga hujibu kwa maua baada ya wiki tatu nne, na machungwa yake tunayala kipupwe, miezi saba minane mbele. Mwaka ambao ukavu haukuja sawasawa, maua hutoka vipande vipande na kila tawi huwa na mwezi wake.

Wapo pia wanaoupiga panga mti mvivu. Nilidhani ni upuuzi, kumbe kuna ukweli nusu. Ganda la shina likikatwa, sukari inayoteremka kwenda mizizini huzuiliwa juu, matunda yakafaidi. Wahispania hufanya hivyo katika mashamba yao, lakini kwa kisu chembamba na kwa kipimo. Kwa mvua ya Pemba, jeraha la panga ni mlango wa ukungu: shina huanza kutoa gundi, ganda likaoza, na mwaka unaofuata unatafuta kuni.

Na kwa wale wenye michungwa ya maweni, upande wa Micheweni na kwengineko, wakiona majani ya njano yenye mishipa ya kijani, wasihangaike na jicho vile vile. Udongo wa chokaa huyafungia madini ya chuma na zinki, mti ukashindwa kuyachukua. Samadi husaidia.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Chungwa letu likiiva hubaki na kijani, kwa sababu rangi ya manjano inahitaji usiku wa baridi, nyuzi 13 hivi, na Pemba hatuijui baridi hiyo. Mwenye kumenya chungwa barazani, akalizungusha kisu mpaka ganda likashuka kama utepe, anajua utamu uliomo ndani. Lakini kwa kuwa rangi haisemi kitu, wapo wanaoyachuma mabichi ili yawahi meli ya Mkoani, wakidhani yataiva ndani ya gunia. Ndizi huvundikwa, embe huvundikwa. Chungwa halivundikwi. Halina akiba ya wanga ya kugeuza sukari. Likikatwa tindikali hubaki tindikali. Mnunuzi wa soko la Darajani akishafyonza moja akakunja uso, hatauliza tena la Pemba. Na la kuchelewa nalo lina yake: joto hili huila ile ladha kali, tunda likaachwa mtini sana likachujuka, tamu lisilo na ladha.

Juzi hiyo hiyo bibi aliniletea na chungwa kubwa, lililosalia la mavuno yaliyopita, limeanguka lenyewe. Lina doa laini na kitundu cha sindano katikati. Tulipolikata, funza weupe wakaruka mezani. Huyu ni inzi wa matunda, yule wa asili ya Asia aliyeonekana Afrika Mashariki mwaka 2003 na kuenea kote. Hili ndilo anguko la kupigiwa kelele, kwani kila tunda likiozea pale chini funza huingia ardhini na kutoka inzi.

Nilimuuliza kama mtini mna majimoto, sisimizi wanaomtisha inzi huyo. "Walikuwamo, niliwachoma moto, wananiuma." Wakulima wa kusini ya China wamekuwa wakifuga jamaa za sisimizi hawa kwenye michungwa kwa karne nyingi, na hapa Zanzibar miaka ya 1950 mtafiti Michael Way alionesha jinsi majimoto wanavyowafukuza kunguni wanaopukutisha vidaka vya nazi. Wanauma, ni kweli. Lakini inzi hapendi kutaga mahali walipopita.

Bibi alinisikiliza, akatazama tena ile nyumba, kisha akamwita mjukuu wake achimbe shimo la kufikia goti. Mfuko wa plastiki wa kuyafungia mabovu juani ili funza wafe hatuna, tumeshaupiga marufuku. Machungwa mabovu yakamiminwa, udongo ukashindiliwa kwa miguu. Yale madogo ya kijani yalibaki kwenye ungo, na watoto wameshayagawana, ndio risasi za manati.