Baada ya Kemo: Muuguzi Bingwa na Vijana wa Pwani Waliotibiwa Saratani

Kijana anayemaliza kemo hutoka hospitalini na mambo mawili. La kwanza ni ugonjwa uliotibiwa, ambao unaweza kurudi. La pili ni tiba yenyewe, ambayo huweza kuacha athari katika moyo, figo, mapafu, masikio na via vya uzazi. Baadhi ya athari hizo huonekana katika wiki chache, nyingine huja baada ya miaka 10 au 20, wakati kijana amekwisha kuwa mzazi na wengi waliomtibu wamestaafu. Uuguzi bingwa wa baada ya tiba ni kazi ya kumfuata kijana huyo katika kipindi chote hicho: kumwandikia kumbukumbu kamili ya alichopewa, kumpima kwa ratiba, kumfundisha dalili za hatari, na kumsaidia kurudi shuleni, kazini na katika maisha ya ndoa akiwa anaujua mwili wake.

Kazi hii inaelezwa hapa kwa kuangalia kisiwa cha Mombasa na kivuko cha Likoni, kwani upande wa Feri ndiko wanakoshukia wagonjwa wengi wa Pwani ya kusini wanaokuja kutibiwa kisiwani.

1. Umri unaosahauliwa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000, wa umri wa hadi miaka 19, hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kimataifa wenye lengo la kuhakikisha kwamba kufikia mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wanaishi. Lengo hilo lina jambo ndani yake ambalo halitajwi sana: kila tiba inavyofanikiwa, ndivyo idadi ya waliopona inavyoongezeka, na hao watahitaji huduma kwa miongo mingi.

Kijana wa miaka 13 hadi 24 yuko mahali pagumu zaidi. Wadi nyingi za watoto humpokea mtoto hadi umri wa miaka 12 au 13. Baada ya hapo hulazwa pamoja na watu wazima wa umri wa babu yake. Maradhi yake nayo ni ya aina mbili: ana saratani za utotoni, kama lukemia na limfoma, na pia zile zinazopendelea umri wa kukua, kama saratani ya mfupa karibu na goti. Nchini Uingereza pengo hili lilianza kuzibwa mwaka 1990, shirika la Teenage Cancer Trust lilipofungua wadi yake ya kwanza ya vijana katika Hospitali ya Middlesex, London. Tangu hapo wauguzi waliosomea saratani za vijana wamekuwa sehemu ya kawaida ya huduma huko.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967, na watoto waliotibiwa kwa dawa pekee wakaonekana kupona. Ili kujua kama wamepona kweli, ilibidi wafuatiliwe hadi vijijini kwao. Ufuatiliaji, kwa hiyo, uliingia katika tiba ya saratani ya eneo hili tangu mwanzo wake.

2. Safari ya kupitia Feri

Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji huiita Makadara, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta. Kwa miaka mingi aliyehitaji mionzi alipelekwa Nairobi, Hospitali ya Kenyatta. Kusogezwa kwa tiba ya saratani hadi Mombasa kumewapunguzia watu safari ya usiku kucha, lakini safari ya mchana imebaki.

Kijana wa Msambweni au Lunga Lunga hushukia Likoni, huteremka kwa miguu pamoja na umati, huvuka bila nauli, kisha hupanda mteremko wa Feri hadi kituo cha matatu, kati ya wauza mihogo ya kukaanga na viazi karai. Hapo hupanda gari la pili kuelekea mjini, kisha hufika Makadara kwa miguu au kwa tuktuk. Kipindi cha kemo familia huichangia safari hiyo kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu ugonjwa unaonekana. Nywele zikiota na mwili ukirudi, nauli ya mtu asiyeumwa kwenda kumwona daktari huwa ya kwanza kukatwa. Mara nyingi ndivyo kliniki inavyompoteza: hakukataa, ila kila mtu nyumbani anaona amepona.

Mambo madogo ya utaratibu huamua mengi hapa. Miadi ya saa mbili asubuhi humlazimisha kijana wa ng'ambo kuvuka wakati wa msongamano mkubwa wa kwenda kisiwani, akiwa na chembe nyeupe chache za damu katikati ya watu wanaokohoa. Miadi ya saa tano humwepusha na hatari hiyo bila gharama yoyote. Vipimo vya damu, picha ya moyo na kuonana na daktari vikipangwa siku moja, safari tatu huwa moja. Anayeweza kupanga hivyo ni mtu anayejua mgonjwa anatoka wapi, na katika kliniki yenye foleni mtu huyo ni muuguzi.

3. Muhtasari wa matibabu

Chombo cha kwanza cha muuguzi bingwa ni karatasi moja au mbili. Muhtasari wa matibabu hutaja aina ya saratani na mahali ilipokuwa, tarehe ya kuanza na kumaliza tiba, jina la kila dawa na jumla ya dozi yake, sehemu iliyopigwa mionzi na kiasi chake, upasuaji uliofanywa, matatizo yaliyotokea, na ratiba ya vipimo vijavyo.

Jumla ya dozi ndiyo yenye uzito mkubwa. Kijana aliyetibiwa limfoma ya Hodgkin kwa mizunguko sita ya mchanganyiko unaojulikana kama ABVD hupata doksorubisini miligramu 25 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara mbili katika kila mzunguko. Mara 12 za dozi hiyo ni miligramu 300. Kuanzia miligramu 250, miongozo ya kimataifa humweka mtu katika kundi lenye hatari kubwa ya moyo kudhoofika baadaye. Hesabu hii huchukua dakika chache faili likiwapo. Faili likipotea baada ya miaka minane, hakuna kipimo cha damu kitakachoonyesha kijana alipewa kiasi gani.

Kwa hiyo muhtasari huandikwa nakala tatu: moja ya hospitali, moja ya kituo cha afya cha karibu na nyumbani, na moja ya kijana mwenyewe, pamoja na picha yake kwenye simu. Huandikwa kwa Kiswahili ambacho mama yake anaweza kukisoma, na majina ya dawa yakibaki kama yalivyo ili daktari yeyote ayatambue.

4. Miezi ya mwanzo

Baada ya dozi ya kemo, chembe nyeupe za damu hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika muda huo homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura, hata kijana akiwa anacheka. Antibiotiki ya kwanza inatakiwa iingie mwilini ndani ya saa moja tangu afike hospitalini. Pwani kuna mtego wa ziada: homa hufikiriwa kuwa malaria. Kipimo cha malaria ni lazima, lakini kuonekana kwa vijidudu vyake hakuondoi uwezekano wa maambukizi ya bakteria, na majibu hayapaswi kuchelewesha sindano.

Kwa kijana wa Kwale, swali ni wapi pa kukimbilia. Hata ambulensi ikitangulizwa kivukoni, bado inangoja feri. Maagizo sahihi ni aende hospitali iliyo karibu upande wake, kama ile ya rufaa ya Msambweni, aonyeshe muhtasari wake, apate antibiotiki, kisha uamuzi wa kumvusha ufanywe akiwa tayari ameanza tiba. Muuguzi bingwa hutoa maagizo hayo kabla ya siku ya hatari, na namba yake ya simu huandikwa kwenye kadi. Anapopigiwa usiku, huzungumza moja kwa moja na muuguzi wa zamu upande wa pili.

5. Athari zinazokuja baadaye

Kila dawa ina njia yake. Doksorubisini hugusa moyo. Picha ya moyo hurudiwa kwa vipindi vinavyotegemea dozi, na msichana aliyeipata hupimwa kabla ya kushika mimba au mapema katika mimba, kwa kuwa mimba huongeza kazi ya moyo. Sisplatini hudhuru figo na usikivu, hasa wa sauti nyembamba. Mwanafunzi anayeonekana mzembe darasani huenda hasikii tu. Bleomisini huweza kukaza mapafu, na aliyeipata anatakiwa amweleze mtaalamu wa nusukaputi kabla ya upasuaji wowote. Kijana wa Mji wa Kale anayefanya kazi ya kupiga mbizi kwa mtungi anahitaji uchunguzi wa daktari kabla ya kurudi chini ya maji. Siklofosfamidi kwa dozi kubwa hupunguza uwezo wa kuzaa. Msichana aliyepigwa mionzi kifuani huanza kuchunguzwa matiti mapema kuliko wenzake: akiwa na miaka 25, au miaka minane baada ya mionzi, kutegemea kipi kitakuja baadaye zaidi.

Sehemu kubwa ya uchunguzi huu ni maswali mazuri. Swali la "Unajisikiaje?" hujibiwa "Mzima, sista," na mazungumzo yakaishia hapo. Swali linalozaa jibu ni hili: ukishuka kwenye feri, unaupanda ule mteremko hadi kwenye matatu bila kusimama? Mwaka jana uliupandaje? Kijana anayesimama katikati, akijifanya anasoma simu, ametoa habari ambayo mapigo ya moyo aliyopimwa akiwa ameketi huenda yasiitoe. Hapo picha ya moyo haingoji ratiba.

Ushauri wa kila siku nao una sababu zake za kitabibu. Sigara huongeza hatari ya saratani nyingine na kudhuru mapafu yaliyokwisha kuguswa. Miraa na muguka hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, jambo zito kwa moyo uliopitia doksorubisini. Aliyebaki na figo moja, au aliyepata sisplatini, hupimwa figo kabla ya Ramadhani, ili yeye, daktari na sheikh wake waamue kuhusu saumu wakiwa na majibu mkononi.

6. Shule, kazi na ndoa

Familia nyingi huyaita maradhi haya "maradhi mabaya" na huyaficha. Kijana hurudi darasani baada ya mwaka mzima bila mwalimu kujua kwa nini anachoka au anasahau. Muuguzi, kwa idhini ya kijana na mzazi, humwandikia mkuu wa shule barua fupi inayotaja mahitaji tu: kiti cha mbele, ruhusa ya siku za kliniki, muda wa ziada wa mtihani.

Suala la ndoa linahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Saratani haiambukizi, na nyingi hazirithiwi. Baadhi, kama ile ya jicho la mtoto inayotokana na kasoro ya kijeni ya kurithi, huhitaji ushauri kabla ya kuzaa. Kijana ana haki ya kuyajua haya yeye mwenyewe, katika chumba cha faragha, na kwa msichana mbele ya muuguzi wa kike akipenda. Ni yeye atakayeamua amweleze nani, na lini, posa inapokuja. Hofu ya ugonjwa kurudi, kukosa usingizi na kujitenga huulizwa waziwazi katika kila miadi, kama kunavyoulizwa kukohoa, na anayezidiwa hupewa rufaa ya mshauri nasaha.

7. Kinachohitajika

Nchini Kenya uuguzi wa saratani hufundishwa katika ngazi ya stashahada ya juu na ya uzamili, hivyo ujuzi wa msingi upo. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliozinduliwa rasmi na kupewa vifaa Septemba 2023, huingia majumbani mwa watu, wakiwamo wa vijiji vya Kwale. Wanaweza kumtafuta kijana aliyekosa miadi iwapo kuna mtu wa kuwapa jina lake. Nauli ndiyo gharama ndogo inayovunja mpango mkubwa, na mfuko mdogo wa nauli wa hospitali au wa wafadhili huokoa gharama ya kutibu ugonjwa uliorudi bila kugunduliwa.

Linalokosekana ni kuwa na mwenye dhamana. Kila kliniki ya saratani inayohudumia vijana wa Pwani inapaswa kuwa na muuguzi bingwa mmoja aliyetajwa kwa jina, mwenye daftari la wote waliomaliza tiba, simu inayojibiwa, saa zilizotengwa kwa kazi hiyo peke yake, na asiyehamishwa wadi kila robo mwaka. Kaunti zinazopeleka wagonjwa Makadara zina wajibu wa kuchangia nafasi hiyo, kwa sababu vijana ni wao. Kijana aliyevumilia miezi ya kemo ametimiza sehemu yake. Serikali za kaunti, vyuo vya uuguzi na hospitali zitimize yao, na zianze na kijana atakayemaliza dozi yake ya mwisho wiki hii.