Shule ya Wavulana Wateule: Maneno kwa Wazazi na Waalimu wa Malolo



Tumeombwa kusema habari za elimu katika sikukuu hii ya jubilei, nasi tumechagua jambo moja ambalo kila mwaka laleta shangwe katika nyumba moja na ukimya katika nyumba nyingi: kuchaguliwa mvulana kwenda Mzumbe.

Mtu akiishika njia kuu, akapita Mikumi na mbuga yake ya wanyama, huipata Mzumbe kabla ya kuufikia mji wa Morogoro. Ni shule ya Serikali, mojawapo ya zile ziitwazo za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha na Tabora. Wasichana nao wana zao, Kilakala na Msalato. (Na mzazi auzaye mbuzi kwa safari ya mwana wa kiume, akamnyima binti aliyeitwa Kilakala, anajijua.) Mlango wa shule hizo ni mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wala haufunguki ila kwa wenye alama za juu sana.

Jambo hili si geni katika nchi. Shule ya Tabora ilianzishwa na Serikali ya Kiingereza katika miaka ya 1920, hasa kwa wana wa machifu, ili wafunzwe utawala. Kipimo cha kwanza kilikuwa ukoo. Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia huko mwaka 1937. Naye ndiye aliyeandika mwaka 1967, juu ya Elimu ya Kujitegemea, akiilaumu elimu ya wachache iwatengayo vijana na watu wao. Lawama hiyo yatupasa kuisikia, maana yatoka kwa mtu aliyelelewa na shule ya namna hiyo.

Basi, tupime. Faida ni kubwa. Mwana wa mkulima wa vitunguu hulala bweni moja na mwana wa daktari wa mjini, wakala uji mmoja, wakashindana kwa akili tu. Ada haidaiwi: Serikali iliiondoa katika shule zake mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hata cha nne, na mwaka 2022 kwa cha tano na cha sita. Hatukubaliani na wale wasemao shule hizi zivunjwe kwa ajili ya usawa. Kuivunja Mzumbe hakutaleta hata dawati moja Malolo.

Hata hivyo kuna nauli, godoro, shuka na sanduku, na mjane aweza kushindwa na hayo baada ya mwanawe kuushinda mtihani. Tena mtoto wa mjini aliyefundishwa kila jioni hakimbii mbio moja na yule aliyeshinda shambani.

Lakini hasara tuiogopayo zaidi ni ile ipatayo darasa lenyewe. Mwalimu amwonapo mtoto mmoja mwenye dalili njema hushawishika kumpa jioni zake zote, maana jina la shule litasifiwa. Sisi watu wa mifereji twalijua jambo hili. Ukilifungulia jaruba moja maji usiku kucha litastawi sana, na wapitao njiani watalisifu. Nao wenye majaruba ya chini wataamka na kukuta udongo umepasuka.

Na hao wa chini ndio wengi. Wengi wao huenda shule ya kata, ya namna zile zilizojengwa kwa wingi tangu mpango wa mwaka 2004. Huko masomo yafundishwa kwa Kiingereza, hali wamesoma miaka yote kwa Kiswahili. Mzumbe kijana huvuka kizingiti hicho akivutwa na wenzake walio hodari. Katika kata wengi hujikwaa hapo, wakanyamaza darasani hata mwisho.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Mfuko wa mtaa umlipie kila aliyechaguliwa, mvulana au msichana, nauli na godoro mara moja, pasipo karamu. Na jioni za waalimu zigeuzwe: ziwe za hao waendao kata, kwa kusoma Kiingereza na hesabu, tangu mtihani uishapo hata shule zifunguliwe. Vijana walioko Mzumbe wakirudi likizo waketi nao pia, baada ya kazi ya mashamba. Chumba cha mafundisho hakina kazi jioni, na taa ipo. Wanaotaka kufundisha na waandikishe majina yao kwa katekista kabla ya Jumapili.